Tupeane uzoefu: mlichaguaje kitabu cha kusoma pamoja na watoto darasani?

Waungwana hamjambo. Niko Lamu, nasomesha kingereza gredi ya 4, watoto 34. Mwaka juzi niliwachagulia kitabu mimi mwenyewe, cha watoto wa ng'ambo wanacheza kwenye theluji, picha nzuri kweli nikajua watakipenda. Wapi! Kila sentensi nasimama kueleza theluji ni nini, glavu ni nini, mpaka hadithi yenyewe ikapotea na nusu ya darasa wanatizama dirishani. Iliniuma sana. Term iliyofuata nikatandika mkeka nikaweka vitabu 5, kila kimoja nikasoma ukurasa wa kwanza tu nikafunga, halafu kila mtoto nikampa kokwa ya ukwaju aitie kwenye kikombe cha kitabu anachokitaka, mmoja mmoja, wengine wamefumba macho maana bila hivyo wote wanamfuata yule mkubwa wa darasa. Kikashinda cha mvuvi na pweza. Kuna kijana alikuwa hafungui mdomo kabisa, siku ya tatu ananivuta mkono, "mwalimu ndoo (njoo) utizame", kalijua neno peke yake! Ila waliokosa kitabu chao walinuna wiki nzima, nyinyi hao mnawafanyaje?

Wa Ganda, Malindi: Wangu nyumbani ni Kigiriama, shule wanajifunza Kiswahili. Nikikubali wachague tu hivi hivi wanachukua chenye jalada la kung'aa, ndani maandishi madogo kama sisimizi. Kwa hivyo kwanza tunapima kwa vidole. Mtoto anafungua ukurasa wa katikati, kila neno asilolijua anakunja kidole, vikifika 5 kitabu kigumu, 2 au 3 hapo ndio penyewe, asipokunja hata kimoja basi chepesi mno. Wanaoneana haya lakini, wanadanganya, ikabidi wahesabie mkono mgongoni mimi nipite nyuma nione. Vinavyobaki ndio tunapigia kura.

Wa Faza: Sisi shida ni nakala, wamechagua vizuri halafu kitabu ni kimoja darasa zima! Nikaingia African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto, hadithi ni bure na leseni inaruhusu kuprinti, hata kutafsiri. Niliwasomea 4 kwenye simu wakachagua, nikatoa kopi 10, watatu watatu kwa kopi moja. Hadithi fupi fupi zile, usitarajie ya kumaliza term.

Wa Langoni: Mwalimu, hao walionuna waulize walikitakia nini kitabu chao. Mimi waliokosa walikuwa 11 na walichotaka ni kile chenye punda. Kila Ijumaa kabla ya kutoka tukawa tunasoma kurasa 2 za punda na wanaosoma kwa sauti ni hao 11 tu, wengine wanasikiliza. Mpaka leo Ijumaa hawakosi shule.