Tupeane uzoefu: wewe uliyesoma nje kwa programu uliyoitafuta mwenyewe, chuo chako kikiwa hakihusiki

ZabibuMbichi

Wakuu, mbukwenyi.

Niko mwaka wa pili hapa Dodoma, nasoma takwimu. Nimepata nafasi ya muhula mmoja Ujerumani, Oktoba hadi Machi. Niliitafuta mwenyewe usiku usiku kwa bando la chuo. Chuo changu hakina makubaliano yoyote na chuo cha kule, na anayelipa ni mfuko wa huko huko.

Hosteli wote wananipongeza, kuna mmoja kashaagiza na simu. Juzi nikaenda idarani kutoa taarifa. Mwalimu akaisoma barua mara mbili, akavua miwani, akaniuliza, "Sasa binti, hawa watu wanakujua wewe, au wanatujua sisi?" Nikasema wananijua mimi. "Basi hiyo ni safari yako. Chuo hakijasafiri."

Hakusema kwa ubaya, ila nimetoka pale miguu mizito. Waliopita njia hii naomba mniambie: masomo yenu yalihesabiwa mliporudi? Mlipoteza mwaka? Boom, yaani ile pesa ya kujikimu ya mkopo, lilikuwaje? Mama yangu yuko Mpwapwa, yeye swali lake ni moja tu: hiyo baridi utaiweza?

Koleo

Dada, huyo mwalimu kakupa swali la maana kuliko pongezi zote za hosteli. Kaa nikusimulie.

Mimi nilikwenda Ujerumani 2018, hivyo hivyo kivyangu. Mkuu wa idara wa wakati ule alinipiga bega: "Nenda tu kijana, ukirudi tutaangalia." Nikaondoka na hilo neno. Nimerudi, mkuu wa idara ni mwingine, na huyu hakunipiga bega lolote. Akaniuliza barua iko wapi.

Nikampa matokeo yangu. Nilikuwa na 1.3, 1.7, 2.0 na mengine ya hapo hapo. Yule ofisa wa mitihani aliyasoma polepole, akanitazama kwa huruma kabisa, akasema, "Pole, lakini ulijitahidi." Mimi nilikuja pale nikitamba! Kwao 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, 5.0 umeanguka. Sisi huku 5 ndiyo ndoto ya kila mtu. Kwa macho ya ofisi ile, mimi nilikwenda Ulaya kudisko, yaani kufeli hadi kuondolewa chuo. Ilibidi niandike barua pepe kule wanitumie karatasi inayoeleza alama zao, yenye mhuri, ndipo sura zikabadilika.

Halafu zikaja krediti. Ulaya mwaka mzima ni ECTS 60 (ndizo krediti za vyuo vyao), kwetu mwaka ni krediti 120. Kwa hesabu ya haraka ECTS 5 za kule ni kama krediti 10 za huku, lakini hakuna anayekupa kwa hesabu ya haraka. Wanataka muhtasari wa kila somo: mada, saa, vitabu, mtihani ulikuwaje. Nilihangaika miezi minne. Mwisho wa yote masomo matatu yakakubaliwa, mawili yakakataliwa, nikakaa darasani na waliokuwa nyuma yangu. Wananiita "kaka wa Ulaya". Jina hilo nalo linachosha.

Kwa hiyo fanya hivi. Chora jedwali kwenye karatasi moja: somo la kule na msimbo wake, ECTS zake, somo la huku linalofanana nalo, krediti zake, na nafasi ya sahihi. Mfuate mwalimu wa kila somo, asaini mmoja mmoja, mkuu wa idara amalizie chini na mhuri. Ongeza masomo mawili ya akiba, maana ukifika kule utakuta moja limejaa au halifundishwi muhula huo. Likibadilika, piga picha jedwali jipya ulitume siku hiyo hiyo. Usisubiri kurudi.

MamaSwaumu

Mwanangu ZabibuMbichi, hongera. Mimi ni mzazi, na aliyekwenda ni wa kwangu, Uturuki.

Tulianza vibaya. Kuna kijana mjini hapa alituambia yeye ni wakala, fomu ya Türkiye Bursları, ule ufadhili wa serikali ya Uturuki, ni shilingi laki nane. Nilikuwa nimeshauza alizeti. Mungu si Athumani, mwanangu akaingia mwenyewe kwenye tovuti yao, akakuta kuomba ni bure. Bure! Tukajaza pale kwenye steshenari ya jirani, shilingi elfu mbili ya kuskani vyeti.

Lakini jueni, ule si muhula. Ni shahada nzima. Alikuwa ameshamaliza mwaka wa kwanza hapa, akaanza upya kabisa, na kabla ya hapo mwaka mzima wa kujifunza Kituruki. Alinipigia akasema, "Mama, nimerudi chekechea, leo tumejifunza rangi." Baba yake alinung'unika kwamba mtoto anarudi nyuma. Mimi nikamwambia mbuzi akitaka kuruka hurudi nyuma kwanza. Sasa anasoma uhandisi kwa lugha ambayo mimi hata salamu yake siiwezi.

Kibajaji_Nkuhungu

Mama Swaumu laki nane ya fomu?? Huyo wakala namjua sura, sasa hivi anauza viwanja.

Mtumishi wa Mtumba

Nami niongeze upande wa sisi watumishi. Nilikwenda Uingereza kwa Chevening, ufadhili wa serikali yao, shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Kuomba unachagua kozi tatu, unahitaji angalau miaka miwili ya kazi, na ukimaliza unarudi nyumbani kukaa miaka miwili. Hayo yote yameandikwa, hayanishindi.

Kilichonishinda ni faili langu. Ruhusa ya kwenda masomoni niliiomba nikiwa nimeshapata jibu la mwisho, nikidhani ni sahihi moja tu. Faili likazunguka meza nne, kila meza likilala wiki. Ofisi siitaji, bado nala mkate wao. Wiki ya mwisho nilikuwa nashinda kwenye benchi la korido na chupa yangu ya maji, nikimsalimia kila anayepita. Wengine wameomba Chevening mara tatu wakakosa. Mimi nimepata mara ya kwanza nikataka kukosa kwa sababu ya benchi.

Cha kusahaulika zaidi: viza ya Uingereza ya zaidi ya miezi sita inataka kipimo cha kifua kikuu, na hicho unakwenda kukifanyia Dar. Siku hizi mna treni ya SGR. Enzi zangu ni basi, vumbi, na kulala kwa shemeji.

Asiyekata Tamaa

Yangu fupi. Nilipata mwaka mmoja wa Kichina huko China. Nikaondoka bila kuandika barua ya kuahirisha masomo. Nilidhani kwa kuwa sijafanya vibaya, hakuna shida. Muhula ukafunguliwa sikusajili, wa pili sikusajili. Niliporudi jina halipo kwenye mfumo. Chuo sikitaji na wala sikilaumu, sheria ilikuwa kwenye kitabu tulichopewa wiki ya kwanza, nilikitumia kuegemezea dirisha la hosteli.

Nimeanza upya chuo kingine. Naongea Kichina vizuri na mafundi wa barabarani wananishangaa.

Zabibu, ukiahirisha, na mkopo nao unasimama, kwa hiyo uulize kabla: je, unaahirisha, au unaendelea kuhesabika mwanafunzi ukiwa nje? Ni vitu viwili tofauti kabisa na barua zake si moja.

Koleo

Hilo la Asiyekata Tamaa lisomeni mara mbili.

Na baridi, mwambie mama ya Julai hapa Dodoma na ule upepo wetu ni mazoezi tu. Nina koti. Nililinunua mtumba Sabasaba kwa shilingi 15,000, na ndani lilikuwa na lebo ya Kijerumani. Yaani lilitoka kwao likaja Dodoma, nikalirudisha kwao, likarudi tena nami, sasa linaning'inia Kisasa halina kazi. Ukilitaka niambie.

ZabibuMbichi

Wakuu, narudi baada ya wiki tatu.

Jedwali limesainiwa. Masomo manne ya huku yamepata wenzake wa kule. La tano mwalimu amekataa: amesema somo lake ni la uga, takwimu zinakusanywa Bahi na Chamwino, hakuna Mjerumani atakayenifundisha hilo. Nimeona ana haki. Nitalifanya nikirudi, na nimeliandika hivyo hivyo kwenye jedwali. Barua inasema naendelea kuwa mwanafunzi, siahirishi. Suala la boom bado nafuatilia, nimeambiwa nije Jumatatu. Ni Jumatatu ya tatu hii.

Yule mwalimu wa miwani ndiye aliyesaini wa mwisho. Akagonga mhuri, akaupuliza wino, akasema, "Haya, sasa wanatujua na sisi kidogo."

Koleo, asante kwa koti, nililichukua pale Nyerere Square. Mama amelijaribu yeye kwanza, amezunguka nalo uani jua kali, kasema linafaa. Ila mfuko wa ndani tumekuta tiketi ya treni ya 2018 na punje tatu za karanga. Tiketi nakurudishia. Karanga mama amekula.