Malcolm & Marie: umewahi kuiangalia na mwenza wako? Tupeane uzoefu

#1
Wakuu, habari za jioni. Kuna muvi ya Netflix ya 2021, Malcolm & Marie. Waigizaji wawili tu mwanzo mwisho, Zendaya na John David Washington, nyumba moja, usiku mmoja, nyeusi na nyeupe. Waliipiga 2020 katikati ya korona. Jamaa ni mwongozaji, katoka kuzindua filamu yake, ukumbini kashukuru kila mtu kasoro mwanamke wake. Na filamu yenyewe inafanana mno na maisha ya huyo dada, alivyotoka kwenye dawa za kulevya! Wanarudi, dada anampikia makaroni, jamaa anakula huku anafoka. Kuanzia hapo ni maneno tu.

Niliiweka Jumamosi na mama watoto nikidhani ni ya mapenzi. Ilipofika pale bafuni, jamaa anamtajia wanawake wengine aliowahi kuwa nao, mama watoto akachukua rimoti akasimamisha. "Na wewe kwenye kipaimara cha mtoto ulimshukuru nani?" Nilishukuru kamati. Nilimshukuru MC. Tukamalizia sisi, Zendaya kaganda kwenye maji.

Nani mwingine yamemkuta?

#2
Mimi ndiye Marie. Mume wangu alipomaliza masters tulimfanyia hafla nyumbani. Kashukuru wasimamizi, bosi wake, mpaka kijana wa stationery aliyemfungia ile tasnifu. Ada ya mwaka wa pili ilitoka kwenye mchezo wangu. Nimesimama na sinia la sambusa, watu wananiangalia mimi, hawamwangalii yeye. Usiku ananiuliza mbona umenuna, nikamwambia sijanuna. Hapo ndipo Marie aliponizidi, yeye alisema.

#3
Muvi inachosha hiyo, na wanagombana kitajiri. Jumba la vioo, jirani hakuna. Sisi wa vyumba vya kupanga, ukuta haujafika juu, tunagombana kwa kunong'ona. Ukitaka kupandisha sauti unaongeza kwanza redio. Kuna usiku tulirushiana maneno WhatsApp, kitanda kimoja, kila mtu kageukia kwake. Katikati bando likakata. Nikamwomba hotspoti. Akaniwashia, na matusi yakaendelea.

#4
Mie wa Mombasa. Kwetu hakuna makelele. Mke wangu alinivalia kanga ya "Mdhaniaye ndiye siye", jikoni, barazani, hata kwa wageni, nami najifanya sioni. Mwisho mamangu akaniita kando: "Wewe, hiyo kanga aambiwa nani?"

#5
#3 hujaielewa, mkuu. Ile sehemu ya kisu umeiona? Marie anajifanya karudia dawa, anaongea mpaka jamaa anaganda, kumbe anamwonyesha kwamba ile nafasi ya kuigiza angeiweza yeye. Hakuna cha utajiri pale. Hata kwenye chumba cha kupanga inafanyika, kwa kunong'ona.

#6
Kilichoniuma mimi ni karibu na mwisho, Marie anapoitoa mwenyewe ile hotuba ya ahsante ambayo jamaa alitakiwa aitoe ukumbini. Ahsante moja baada ya nyingine. #2, mwekee mzee hicho kipande tu.

#2
Nimemwekea jana. Kaangalia ametulia kabisa, nikajua leo imeingia. Kilipoisha akaniuliza, "Hivi huyu dada kwa muvi moja wanamlipa bei gani?"