Kwa nini maji ni ghali Maweni kuliko Casuarina?

Mkaazi wa Maweni:
Salamu, ndugu zangu. Wiki iliyopita mabomba yalipokauka hapa Malindi, mwenye mkokoteni alituuzia mtungi wa lita 20 kwa shilingi 30. Mitungi 50 ndiyo lita 1,000, yaani shilingi 1,500, ilhali binamu yangu anayetunza nyumba ya Mtaliano kule Casuarina hujaza bwawa la kuogelea kwa maji ya mita, kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Maji ya mabomba ya mji huu yanatoka Baricho, kando ya mto Sabaki. Tofauti hii imetoka wapi?

Mzee wa Barani:
Mwanangu, usianzie kwenye bomba, anzia kwenye kiwanja. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye madai katika ukanda wa pwani ayawasilishe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya Mwingereza. Wazee wetu wengi wa Kimijikenda hawakupata hati, na hadi leo wapo wanaomiliki nyumba bila kiwanja: kuta zako, ardhi ya mwingine, na kodi unamlipa yeye. Nilipoomba mita niliagizwa nilete hati au barua ya mwenye kiwanja. Wakala wake alikataa, kwa kuwa bomba, kama ukuta wa mawe, humfanya mpangaji aonekane wa kudumu. Nyumba yangu ingali ya udongo na makuti, si kwa kukosa mawe, bali ruhusa.

Binti wa Langoni:
Shikamoo, mzee. Huku Amu, yaani kisiwani Lamu, hati si kisa chote. Mji hunywa maji ya visima vya Shela, ambako mvua huzama mchangani na maji matamu yakakaa juu ya maji ya chumvi. Yakitekwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Majumba ya kifahari yanajengwa kwenye michanga hiyo hiyo, na chai yenye chumvi tunainywa sisi.

Mkaazi wa Maweni:
Ahsanteni. Nami nyumba yangu haina kiwanja, ila sikuwahi kulihusisha hilo na maji. Je, majirani tukiomba mita moja ya pamoja, barua itahitajika?

Mzee wa Barani:
Ombeni kioski cha kuuzia maji kando ya barabara, kwenye ardhi ya umma. Sisi hatukudaiwa barua, na mtungi ukashuka hadi shilingi 5, ingawa foleni huanza kabla ya adhana ya alfajiri.