Mnaowalisha farasi wa Assateague, mnawaua!

Wakuu, salamu. Nimerudi jana usiku kutoka Assateague, kile kisiwa cha farasi wa porini kwenye pwani ya Maryland na Virginia, Marekani, na sijalala kwa hasira. Naleta malalamiko haya hapa kwa sababu wengi wetu tunaoishi Maryland, Virginia na DC tunakwenda kule kila joto likianza, na ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu.

Tulikuwa upande wa Maryland, ndani ya hifadhi. Mbele yetu magari manne yamesimama katikati ya njia. Nikadhani ajali. Kumbe farasi jike na mtoto wake wako kwenye lami, na jamaa mmoja katoa mkono dirishani anawapa krispi! Gari la pili, mama kamshusha mtoto wa miaka kama mitano, kamsogeza hadi shingoni kwa yule jike ili ampige picha. Kanuni ya pale ni kukaa futi 40 kutoka kwa farasi, kama mita 12. Nikashuka, nikamwambia, "Dada, hawa ni wanyama wa porini, wanauma na wanapiga mateke." Akanijibu, "Mbona wametulia."

Wametulia kwa sababu wameshazoea kulishwa, na hapo ndipo msiba ulipo. Farasi akishajua kwamba gari ni chakula, anahamia barabarani. Usiku unaingia, anakuja dereva mwenye haraka, farasi anagongwa. Wameshakufa hivyo, tena si mmoja. Kundi lote la Maryland halifiki 200, wala 150. Wahifadhi wanalishikilia chini ya 100, na kwa miaka mingi waliwachoma majike vishale vya dawa ya kuzuia mimba ili wasizidi uwezo wa kisiwa. Piga hesabu mwenyewe jike mmoja mwenye mtoto ana thamani gani hapo.

Na asiyekufa anaondolewa. Mwaka 2022 dume mmoja, jina lake Delegate's Pride, wengi wakimwita Chip, alichukuliwa kisiwani akapelekwa kwenye makazi ya wanyama Texas. Kosa lake? Alizoea vyakula vya watu kiasi kwamba akawa hatari kwa wanaopiga kambi. Nani alimfundisha? Sisi. Sisi wageni tunaoacha boksi la chakula wazi nje ya hema, halafu tunaona raha farasi akichungulia. Aliyelipa ni yeye.

Msiseme wana njaa. Yale matumbo makubwa mnayoyaonea huruma yanatokana na maji: wanakula nyasi za kwenye mabwawa ya chumvi, kwa hiyo wanakunywa maji mengi kuliko farasi wa kufugwa. Wameishi hivyo karne na karne bila krispi zako.

Nikasema basi, niende ufukweni nitulize moyo. Wapi! Njia ya mbao ya kuvukia ipo, hatua hamsini tu kutoka tulipoegesha, lakini vijana wanapanda tuta la mchanga moja kwa moja na viti vyao begani, wanateleza upande wa pili wakicheka, na majani yanang'oka chini ya miguu yao. Jamani, yale majani ndiyo yanayoshika mchanga! Kisiwa kile ni utepe wa mchanga wenye urefu wa kilomita 60 hivi, hakina mwamba wa kukishikilia. Mwaka 1933 kimbunga kilikikata, ukatokea mlango wa bahari pale kwenye mji wa Ocean City ambao upo hadi leo. Machi 1962 watu walikuwa wameshauziwa maelfu ya viwanja, barabara ya lami imeshapita. Dhoruba moja ikafagia karibu kila kitu, na vipande vya lami ile bado unaviona ukipita njia ya matutani. Miaka mitatu baadaye, 1965, ndipo kikafanywa hifadhi ya taifa. Mahali penye historia hiyo, wewe unang'oa majani kwa uvivu wa hatua hamsini?

Mbwa nao wamefunguliwa wanakimbia ovyo, wakati kanuni inataka kamba isiyozidi futi 6. Kuna vindege vidogo vya rangi ya mchanga, vinalindwa na sheria tangu 1986, mayai yao yako chini kabisa, wazi. Mbwa mmoja akipita, kiota kimekwisha.

Nimewaripoti wale wa krispi kwa askari wa hifadhi, pamoja na namba ya gari. Mkiniita mnoko, sawa.

Na wewe uliyeweka kwenye grupu letu picha ya watoto wakimshika farasi pua, ukaandika "twendeni wote", nakuomba uifute leo. Watu watatu wameshauliza ni kona gani.