Je, alama za saa zetu za mkono zina kazi yoyote hapa Lubumbashi?

Mkaaji wa Katuba:
Ndugu zangu, nina saa mbili za mkono. Moja ni ya wapiga mbizi, yenye pete ya nje inayozunguka upande mmoja tu na maandishi ya mita 200. Nyingine ina vitufe vya kupimia muda na namba kuanzia 500 hadi 60 pembezoni. Mimi ni mfanyabiashara wa unga, bahari sijaiona, na gari la mashindano sitaliendesha. Je, kuna anayezitumia saa hizi kwa kazi zilizokusudiwa, au sote tunajipamba tu?

Dereva wa Likasi:
Namba hizo huitwa takimita. Ukielekea Likasi, bonyeza kitufe unapopita jiwe la kilomita, kisha ubonyeze tena kwenye jiwe linalofuata: ikiwa zimepita sekunde 45, mshale utaelekea 80, yaani kilomita 80 kwa saa, kwa kuwa sekunde 3600 za saa nzima zimegawanywa kwa 45. Ukienda chini ya 60, jambo la kawaida penye mashimo, pima nusu kilomita halafu ugawe jibu kwa mbili. Mimi hufanya hivyo kwa sababu kipima mwendo cha lori langu kilikufa zamani. Mwenye gari zima hana haja nayo. Lakini wewe ni mtu wa unga, na takimita haibagui kinachopimwa. Mfuko mmoja ukijazwa na kushonwa kwa sekunde 24, utasoma 150, nayo ndiyo mifuko ambayo wafanyakazi wako wangetoa kwa saa moja wasipopumzika.

Muuguzi wa Kampemba:
Kwetu wodini mshale wa sekunde si pambo. Mtoto anayekohoa huhesabiwa pumzi kwa dakika nzima, akiwa ametulia, maana pumzi za watoto hazifuatani kwa usawa na kuhesabu nusu dakika kunaweza kupotosha. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Kwa wa mwaka 1 hadi 5, kiwango ni 40. Macho yako kifuani pa mtoto, saa unaiinua karibu na kifua hicho hicho, na mkono mwingine unazuia nguo. Simu ingeshikwa na nani? Hata hivyo, wengi wetu huibana saa kwenye vazi la kazi, kwa kuwa mkono wenye mkanda hauoshwi vizuri.

Fundi saa, Bukavu:
Kuhusu ile ya kwanza, weka alama ya pembetatu ya pete ilingane na ncha ya mshale wa dakika unapoanza jambo, na pete itakuonyesha dakika zilizopita. Inazunguka upande mmoja kwa makusudi: ikigongwa majini, itamwonyesha mpiga mbizi kwamba amekaa chini muda mrefu kuliko ukweli, naye atapanda mapema badala ya kuishiwa hewa. Kwenye kinu inafaa kupima muda wa kupumzisha injini. Ila usiyaamini maandishi ya mita 200 kwenye saa kuukuu, kwa sababu mpira wa ndani unaozuia maji huzeeka. Wanaoogelea nazo hapa Kivu huniletea saa zenye ukungu chini ya kioo, na mara nyingi nakuta kile kichwa cha pembeni cha kurekebishia mishale hakikukazwa.

Mkaaji wa Katuba:
Asanteni. Fundi, mpira huo unabadilishwa kila baada ya muda gani?

Fundi saa, Bukavu:
Kwa anayeogelea nayo, nashauri ipimwe kila mwaka. Kwako wewe, ndugu, ubadilishe siku unayobadilisha betri.