Timu ikipita mlango wa uani ni faini, mchezaji akipakiwa kwenye bajaji ni kimya. Viongozi wa mpira mnatuona mabwege?

Wakuu, salaam. Nina hasira tangu juzi Jumamosi na sijapoa, kwa hiyo anayetaka lugha laini apite tu, nyuzi za usajili ziko tele.

Nipo Tanga, Ngamiani. Mpira nimeanza kuutazama Mkwakwani nikiwa mabegani mwa mzee wangu, mwaka 1988, ule ambao Coastal Union walibeba ubingwa. Nalitaja mapema maana najua kuna watu watakuja na "wewe mpira umeujua lini". Na timu ninayoisema hapa si Coastal, wala si African Sports, msinibane. Ni timu ya ligi ya chini, siitaji jina kwa sababu wale vijana ndiko wanakopata kula yao.

Dakika ya 58, kona. Beki wetu namba 4 karuka, mshambuliaji wao karuka, vichwa vikakutana. Mlio wake, mgosi wangu, kama nazi mbili zimegonganishwa. Nilikuwa nyuma ya kibendera, mita kumi hivi. Yule wa kwao alikaa chini akajishika paji. Wetu hakujishika popote. Alianguka mikono imekakamaa juu, vidole vimejikunja, macho wazi.

Akaingia daktari wa timu. Daktari! Huyu sote tunamjua, ndiye anayewachua miguu na ndiye anayebeba begi la jezi. Mtu mwema kabisa, sina ugomvi naye, lakini alichokuwa nacho mkononi ni ndoo ya barafu na kopo la dawa ya kupuliza, ile ya misuli. Akampulizia kwenye paji la uso. Akammwagia maji, akamwinua kwa kwapa, dogo akasimama. Jukwaa likapiga makofi. Na mimi nilipiga, sitajificha.

Dogo akaanza kutembea kuelekea benchi la wapinzani.

Aliyepiga kelele wa kwanza ni mama muuza karanga: "Mtoeni huyo mtoto, hajui alipo!" Kocha akampungia mkono arudi nyuma akakabe. Alijitetea baadaye kwamba sabu, yaani nafasi za kubadilisha wachezaji, zilikuwa zimeisha. Kama dakika sita mbele, dogo akapiga magoti pembeni ya chaki, akatapika.

Ndipo likatafutwa gari la wagonjwa. Na lilikuwepo! Lilikuwa limeegeshwa chini ya mwarobaini nyuma ya goli, msalaba mwekundu ubavuni, kila mtu analiona. Dereva hayupo. Kipaza sauti kikamwita mara tatu, hakuna mtu. Mlango wa nyuma ulipofunguliwa, ndani mna katoni za maji na mifuko ya jezi za watoto waliocheza mechi ya utangulizi. Kitanda hakuna, mtungi wa oksijeni hakuna. Dogo akapakiwa kwenye bajaji ya shabiki, kichwa mapajani kwa mtunza vifaa, kiatu kimoja kikabaki kwenye majani. Nilikiokota mimi. Mechi ikaendelea dakika ishirini na kitu bila gari na bila daktari, maana naye alipanda bajaji hiyohiyo. Angeanguka mwingine angebebwa na nini? Baiskeli? Hizo Tanga tunazo, sawa, lakini jamani.

Baada ya mechi nikamfuata msimamizi wa mechi pale getini, kwa adabu, shikamoo nimempa. Nikamuuliza mechi aliiruhusuje kuanza. Akanifunulia karatasi yake: gari la wagonjwa, alama ya vema. "Kijana, kanuni inataka gari liwepo. Lilikuwepo."

Nimelala na jibu hilo siku mbili. Kumbe kinachokaguliwa ni gari, si kilichomo. Ungechora msalaba kwenye mkokoteni wa kuuzia madafu, ungepata vema yako.

Lakini subiri timu ipite mlango usio rasmi kwa ushauri wa kamati zao za ufundi, yaani wale wa mambo ya waganga. Hapo macho wanayo! Mlango upi, saa ngapi, nani alitangulia, yote yanaandikwa, na faini inashuka. Timu ikigoma kuingia chumba cha kubadilishia nguo, faini. Shabiki akirusha chupa, faini. Sisemi wasiadhibu hayo, waadhibu. Nauliza tu ni lini mliwahi kusikia mtu kalimwa faini kwa sababu dereva wa gari la wagonjwa kaenda kula ugali.

Na msiniambie hayo ni mambo ya Ulaya. Desemba 4, 2016, Kaitaba pale Bukoba, kijana Ismail Mrisho Khalfan wa Mbao FC alianguka kwenye mechi ya vijana dhidi ya Mwadui. Alikuwa ameshafunga goli. Hakurudi nyumbani. Ulaya kwenyewe, Juni 2003, Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka Lyon hakuna mtu karibu naye, akafa, dunia nzima inatazama. Miaka kumi na minane baadaye Christian Eriksen wa Denmark akaanguka vilevile Copenhagen, moyo umesimama, na leo yu hai. Safari hii walioingia uwanjani walimkandamiza kifua haraka na walikuwa na mashine ya kushtua moyo. Mungu yuleyule, wachezaji walewale wenye nguvu.

Tuache moyo, turudi kwenye kichwa. Wote mnaikumbuka kofia ya Petr Čech, yule kipa wa Chelsea. Chanzo chake ni Oktoba 2006, alipovunjika fuvu kwenye mechi na Reading; aliporudi uwanjani alirudi nayo hadi anastaafu. Fainali ya Kombe la Dunia 2014, Christoph Kramer wa Ujerumani kagongwa, kaachwa anacheza, akamfuata refa kumuuliza kama hii ndiyo fainali. Watu walicheka. Ubongo uliotikisika ukigongwa tena kabla haujatulia unaweza kuvimba, na ukivimba ndani ya fuvu hauna pa kwenda.

Sasa sikilizeni, maana hili halihitaji mfadhili wala harambee. Tangu Januari 2021 wenye sheria za mpira duniani walianza kujaribu sabu ya mtikisiko wa ubongo, na kuanzia Julai 2024 imeingia kwenye sheria za mchezo kwa ligi itakayoitaka. Mchezaji akigongwa kichwa, unamtoa na kuingiza mwingine hata kama sabu zako zimeisha. Wapinzani nao wanapewa sabu ya ziada ili mtu asiitumie kwa ujanja. Aliyetoka harudi. Ina gharama gani? Ya kuandika mstari mmoja kwenye kanuni! Ingekuwepo kwetu, kocha wetu asingekuwa na la kujitetea. Maana kwa sasa anayeamua kama dogo ana akili zake ni mtu ambaye kibarua chake kinategemea pointi tatu, na dogo mwenyewe akiulizwa atasema yuko fiti. Asipocheza posho hakuna, na nyuma yake kuna mwingine anaisubiri hiyo namba 4. Nani hapo atasema ukweli?

Dogo yuko kwao Makorora. Nilikwenda jana kumjulia hali. Kalala chumba cha ndani, pazia limefungwa, mwanga unamuumiza. Mama yake anasema kauliza matokeo mara nne, kila akiambiwa anashangaa upya. Timu imetoa tangazo la "ugua pole" lenye nembo ya mdhamini kubwa kuliko sura ya mgonjwa. Na leo asubuhi meneja kapiga simu kuuliza kama Jumatano ataweza kuja mazoezini, hata kukimbia kidogo tu. Jumatano hii! Mtu wa namna hiyo hutakiwa apumzike kwanza, kisha arudi kwa hatua, na kila hatua ipewe angalau siku yake. Mama kamjibu vizuri, maneno yenyewe siyaandiki, mtafungiwa uzi.

NYONGEZA: Kuna aliyesema niwaache viongozi, wanajitolea. Anayejitolea halipwi posho ya kikao. Na aliyeuliza mimi kama shabiki nitafanya nini, jibu ni hili. Jumamosi tunacheza tena nyumbani, saa kumi. Nitafika saa nane, na kabla ya dirisha la tiketi nitapita kwanza pale chini ya mwarobaini nikafungue ule mlango wa nyuma. Nikikuta katoni za maji, tiketi sikati. Nitasimama getini na hiki kiatu.