Leseni ya mwanafunzi kwanza, au usukani kwanza?

Mkaazi wa Arua:
Ndugu zangu, nimekusudia kujifunza udereva mwaka huu. Kaka yangu, ambaye ana leseni na gari la otomatiki, yuko tayari kunifundisha bila malipo, ila anasema habari ya leseni ya mwanafunzi inaweza kungoja mpaka niuzoee usukani. Je, anasema kweli? Naomba pia kujua kama kuna faida ya kulipa chuo cha udereva, hasa kwa mtu aliyekulia Bunia, nchini Kongo, ambaye macho yake yamezoea magari yanayopita upande wa kulia.

Mstaafu wa Uchukuzi:
Hapana, ndugu yangu. Chini ya Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya Uganda ya mwaka 1998, anayejifunza hana budi kuwa na leseni hiyo kabla ya kuendesha barabarani, aketi na dereva mwenye leseni kamili pembeni yake, na gari liwe na herufi L nyekundu mbele na nyuma. Utaanza kwa kupata namba ya malipo ya URA (Mamlaka ya Mapato ya Uganda), ulipe, kisha uende na kitambulisho chako kwenye ofisi ya leseni, kama ile ya Kyambogo jijini Kampala, upigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kazi hiyo iko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi tangu Machi 2021, lakini mtihani wa kuendesha husimamiwa na wakaguzi wa magari wa polisi. Wengi huzichanganya ofisi hizi mbili, wakaangukia mikononi mwa madalali.

Mama Klachi:
Kuhusu chuo, mimi nasema lipa, angalau kwa masomo ya mwanzo, kwa sababu gari la chuo huwa na breki ya pili miguuni pa mwalimu, ilhali kaka yako ataweza kupiga kelele tu. Jifunze pia gia za mkono. Kampala ni mji wa vilima, na foleni haichagui mahali pa kusimama: utajikuta kwenye mwinuko, taksi imekukaribia nyuma, nawe unatakiwa kuinua klachi (kanyagio la kushoto) polepole mpaka usikie mlio wa injini ukibadilika na gari likitaka kusogea, ndipo uachie breki ya mkono huku ukiongeza mafuta kidogo. Jambo hilo halisomwi kitabuni.

Msomaji wa Jinja:
Samahani, mama, naona gia za mkono zimesifiwa kupita kiasi, maana magari mengi ya watu binafsi hapa ni ya otomatiki kutoka Japani. Asiyetaka kazi ya udereva anaweza kuanza na gari la kaka, mradi leseni ya mwanafunzi iwe mfukoni. Ndugu wa Arua, linalonitia wasiwasi zaidi ni huo upande wa kulia uliouzoea, maana hapa Uganda magari hupita kushoto. Kwenye msongamano utafuata wenzako bila shida. Hatari iko alfajiri, unapokata kona kuingia barabara tupu isiyo na gari la kukuonyesha upande. Kwenye mzunguko, wapishe wanaotoka kulia kwako, na kabla ya kukunja kushoto tazama kioo cha kushoto, kwa sababu bodaboda atakuwa ameshajipenyeza huko.